NDOVU WASIO NA PEMBE: Nasaha kwa Ndugu Waislamu wa Pwani juu ya Amana ya Viumbe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake Yeye aliyeumba kila kitu kwa kipimo, akakipa kila kiumbe umbo lake na riziki yake, wala hakumsahau mdudu chini ya jiwe wala nyangumi katika kilindi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, katika kijitabu hiki twataka kusema nanyi juu ya mnyama ambaye Sura moja ya Kurani imeitwa kwa jina lake, nayo watoto wetu waihifadhi chuoni kabla hawajang'oka meno ya utoto. Mnyama huyo ni ndovu. Walakini hatukusudii kurejea kisa cha Abraha na jeshi lake, kwani kisa hicho mwakijua. Twataka kuwaeleza jambo lililowapata ndovu wa zama hizi, likachunguzwa na watu wa ilimu ya viumbe, likathubutu kwa macho na kwa hisabu. Kisha tutazame lina mafunzo gani kwetu sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walikula na kuvaa kwa biashara ya pembe kwa muda wa miaka elfu na zaidi.

Wala si uzushi kusema hivyo. Al-Masudi, mwanachuoni wa tarikhi aliyefariki mwaka 956 wa miladi, ameandika katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani, na kutoka Omani zikavushwa kwenda Bara Hindi na Uchina. Sofala, bandari ya kusini, ilikuwa mashuhuri kwa dhahabu na kwa pembe. Na katika karne ya 19 Unguja ikawa soko kuu la pembe katika Afrika ya Mashariki. Pembe zilitoka bara, mbali mpaka Manyema, zikachukuliwa mabegani mwa wapagazi na watumwa hata zikafika Bagamoyo na Kilwa, Pangani na Mombasa. Kutoka Unguja nyingine zilikwenda Bombay kufanywa bangili, na nyingine Marekani, katika jimbo la Connecticut, kufanywa vitana na vibao vya kubonyeza vya piano. Basi mtu asiseme kwamba khabari ya ndovu ni ya watu wa bara, au ya wageni wapendao kutazama wanyama. Ni khabari yetu, na mali yake iliingia katika majumba yetu ya mawe.

KISA CHA GORONGOSA

Katika nchi ya Msumbiji, katika jimbo ambalo hata leo laitwa Sofala, iko hifadhi ya wanyama iitwayo Gorongosa. Nchi hiyo ilipatwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1977 hata 1992. Wapiganaji wa pande zote mbili waliwaua ndovu. Nyama wakaila, na pembe wakaziuza wapate fedha za vita. Mwaka 1972 walihisabiwa ndovu 2,542 katika hifadhi hiyo. Walipohisabiwa tena mwaka 2000 walikuwa 242. Yaani katika kila ndovu kumi, tisa na zaidi walikuwa hawapo.

Na katika wale waliosalimika likaonekana jambo la ajabu: majike wengi hawakuwa na pembe. Nanyi mwajua kwamba ndovu wa Afrika, dume na jike, kwa kawaida huwa na pembe. Tena pembe hizo, ijapokuwa twaziita pembe, si kama za ng'ombe. Ni meno mawili ya taya la juu, yanayokua maisha yote ya mnyama. Kwa meno hayo huchimba maji wakati wa kiangazi, hubambua magome ya miti, na hujilinda yeye na mwanawe. Tangu zamani walikuwapo majike wachache wasioota meno hayo, na uchache wao ulikuwa ni kitu cha kawaida.

Wataalamu kadha wa kadha, wakiongozwa na Shane Campbell-Staton, wakazitazama picha za ndovu wa Gorongosa zilizopigwa kabla ya vita, wakazilinganisha na ndovu wa baada ya vita. Wakaona kwamba kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5. Baada ya vita walikuwa asilimia 50.9. Mmoja katika kila watano au sita amekuwa mmoja katika kila wawili. Khabari hii waliitangaza mwezi wa Oktoba mwaka 2021 katika jarida la ilimu liitwalo Science.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Mwenye bunduki alikuwa akitaka pembe. Asiye na pembe hakuwa na thamani kwake. Kwa hisabu yao, jike asiye na pembe alikuwa na nafasi ya kusalimika katika miaka ile mara tano ya nafasi ya mwenye pembe. Wakahisabu kadhalika kama yamkini jambo hili likatukia kwa nasibu tu, kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache, wakaona kwamba ni mbali sana. Kwani nasibu nayo ina kazi yake. Huko Afrika ya Kusini, katika hifadhi ya Addo iliyoanzishwa mwaka 1931 kwa ndovu 11 tu, majike wao karibu wote walikuja kuwa hawana pembe, kwa sababu wazazi wa kwanza walikuwa wachache mno na baadhi yao hawakuwa nazo. Walakini Gorongosa haikuwa hivyo. Gorongosa iliyochagua ni risasi.

Mfano wake ni mkulima anayevuna mpunga, akala punje zilizojaa, akabakisha mapepe kuwa mbegu. Mwaka wa kwanza atashiba. Mwaka wa pili atasema ardhi imeharibika. Ardhi haikuharibika, ni yeye aliyechagua.

MSHIPA WA ASILI

Huenda mmoja wenu akauliza: yawaje umbo la mama likamfikia mwana, na mwana akampa mjukuu? Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akimweleza kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, naye kama anayetilia shaka. Mtume akamwuliza kama ana ngamia, na rangi zao ni zipi. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamwuliza kama hamna wa kijivu kati yao. Akakiri kuwa wamo. Akamwuliza rangi hiyo imewatokea wapi. Bedui akajibu kwamba labda ni mshipa wa asili uliowavuta. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamjulisha kwamba na mwanawe yamkini amevutwa na mshipa vivyo hivyo. Kwa maneno hayo machache ikasitirika heshima ya mwanamke, na mtoto akabaki na baba yake. Tazameni jinsi ilimu ya nasaba ya wanyama ilivyotumiwa kuondoa dhulma katika nyumba ya mtu.

Basi mshipa huo wa asili ndio waliouchunguza wataalamu wa zama zetu. Wameona kwamba ndani ya kila chembe ya mwili zimo nyuzi nyembamba mno, ziitwazo kromosomu, na katika nyuzi hizo mna kama maandiko. Kila fungu la maandiko huitwa jeni; hili laamrisha rangi, na hili laamrisha jino. Mwana hupokea nusu ya maandiko kwa baba na nusu kwa mama. Jike ana nyuzi mbili za namna iitwayo eksi. Dume ana moja tu, ile aliyopewa na mama yake.

Walipozisoma damu za ndovu wenye pembe na wasio nazo, wakaona tafauti katika mahali pawili, na palipo mashuhuri zaidi ni katika uzi wa eksi, penye jeni iitwayo AMELX, inayohusika na kufanywa kwa jino. Hata kwa wanaadamu imejulikana kwamba mwanamke aliyepungukiwa na maandiko ya mahali hapo huwa na kasoro katika meno yake ya mbele ya juu.

Sasa sikilizeni, kwani hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Jike akiwa na uzi mmoja wenye upungufu na wa pili mzima, huishi bila ya pembe. Dume hana wa pili. Dalili zote walizozipata zaonyesha kwamba mwana dume akiurithi uzi ule wenye upungufu, hafi kwa risasi wala kwa njaa. Hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo hapana dume asiye na pembe aliyeonekana Gorongosa. Na mama asiye na pembe, katika watoto wake wanaozaliwa wakaishi, karibu thuluthi mbili ni majike; wataalamu waliona asilimia 65.7. Nusu ya wanawe wa kiume hawakufika duniani.

Ndovu huchukua mimba miezi 22. Hapana mnyama wa nchi kavu anayechukua mimba muda mrefu kuliko huo. Basi fikirini: vita vilikwisha mwaka 1992, bunduki zikanyamaza, mikataba ikatiwa sahihi, na pembe zile zimekuwa mapambo katika nyumba za watu wasiojua hata Gorongosa iko wapi. Walakini mauti yale hayakukoma. Yameingia ndani ya matumbo ya mama, yachagua madume, kizazi baada ya kizazi. Aliyepiga risasi alidhani ameua ndovu mmoja.

KANUNI NI YA NANI?

Wako ndugu zetu ambao wakisikia tu kwamba viumbe hubadilika huziba masikio, wakasema haya ni maneno ya Charles Darwin aliyetoa kitabu chake mwaka 1859, nasi hayatuhusu. Twawajibu kwa upole. Juu ya kuumbwa kwa Adamu (a.s.) twashika lile tulilofunzwa na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, wala mahali hapa si pa mjadala huo. Walakini kwamba kizazi cha wanyama hubadilika kwa kuchaguliwa, hilo mfugaji wa mbuzi alijua kabla ya Darwin kuzaliwa. Achaguaye beberu mnene hupata watoto wanene. La Gorongosa limeonekana katika umri wa mtu mmoja. Mwislamu hakatai jambo la macho kwa kumchukia aliyelisema.

Wala jambo hili halimpunguzii Muumba chochote. Kujua kwamba mvua yatokana na mvuke wa bahari hakukumwondoa Mwenye kuruzuku. Kumetuonyesha njia aliyoipitisha riziki. Vivyo hivyo aliyeweka maandiko ndani ya chembe ni Yeye, na aliyeijaalia kanuni kwamba mwana apokee kwa mzazi ni Yeye. Risasi haikuandika hata herufi moja. Iliwaondoa wenye maandiko mazima, ikawaacha wenye upungufu. Kanuni ni ya Mola wetu. Mkono uliochagua ni wetu.

Nasi tumekwisha kuonywa. Katika Sura ya An-Nisaa Mwenyezi Mungu ametueleza kiapo cha Sheitani, kwamba atawapoteza wanaadamu na kuwaamrisha wawakate wanyama masikio na waliharibu umbo aliloliumba Mungu. Wanavyuoni wa tafsiri wamekhitalifiana: wengine wamesema umbo hapa ni dini, wengine wamesema ni miili. Nasi hatusemi kwamba aya ilishuka kwa ajili ya ndovu wa Msumbiji. Twasema hivi: ikiwa kukata sikio la ngamia mmoja kumetajwa katika kazi za Sheitani, mtu mwenye akili aogope kukata pembe ya kizazi kizima.

VIUMBE NI UMMA

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Al-An-aam kwamba wanyama waendao juu ya ardhi na ndege warukao ni umma mbalimbali mfano wetu sisi. Neno hili umma si dogo. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataja mbwa, akasema kwamba kama wasingalikuwa umma katika umma za viumbe, angaliamrisha wauawe wote. Mbwa ambaye sisi twaosha chombo mara saba kwa ajili yake, akasalimishwa kwa hoja hiyo moja: ni umma, na umma haifutwi. Basi itakuwaje ndovu?

Tena wamepokea wapokezi kwamba mwanamke aliingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na katika Nasai imo khabari kwamba ndege mdogo aliyeuawa bila ya haja atamshitaki aliyemwua Siku ya Kiyama. Ndugu zangu, shomoro ana mashitaka; paka ana mashitaka. Je, mwana wa ndovu aliyekufa tumboni kwa sababu ya bangili, yeye hana?

Na juu ya pembe zenyewe, sisi wafuasi wa Imamu Shafi twapaswa kukumbuka jambo tuliloligeuzia kisogo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amebainisha katika madhhabu yetu kwamba pembe ya ndovu ni katika jumla ya mifupa ya mnyama asiyeliwa, nayo ni najisi. Imamu Abu Hanifa ameona kuwa ni tahiri. Khitilafu ya maimamu ni rehema, wala hatumshutumu aliyefuata kauli ya pili. Walakini ni ajabu kwamba watu wa madhhabu ya kwanza ndio waliojaza majahazi kwa pembe, wakaulizana juu ya bei wala wasiulizane juu ya hukumu.

Asijidanganye mtu kwamba mambo haya ni ya zamani. Biashara ya pembe baina ya mataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi uliokatwa mwaka 1989 na kutekelezwa tangu 1990. Hata hivyo katika Tanzania ndovu walihisabiwa 109,051 mwaka 2009, na mwaka 2014 walihisabiwa 43,330. Katika miaka mitano tu! Na pembe zao hazikuruka angani. Shehena nyingi zilipita katika bandari hizi hizi, Dar es Salaam na Unguja na Mombasa, zimefichwa ndani ya makontena chini ya bidhaa za halali. Palikuwa na mpakizi aliyefumba macho, na karani aliyepiga muhuri, na dereva aliyelipwa zaidi ya ujira wake. Huenda baadhi yao walisali Ijumaa katika safu ya mbele. Kila mmoja atasema hakuua. Lakini dini yetu yakataza kusaidiana katika dhambi, na fedha ya mnunuzi ndiyo inunuayo risasi.

NA SISI WAVUVI JE?

Mwingine atasema: mimi si mwindaji wala si mfanyabiashara wa pembe, mimi ni mvuvi. Twamwambia: ewe ndugu yetu, kanuni ile ile imo chini ya ngalawa yako. Mwaka 1992, mwaka ule ule vita vya Msumbiji vilipokwisha, serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa samaki mashuhuri wa bahari ya Newfoundland, waliolisha watu kwa karne nyingi, kwa kuwa walikuwa karibu kwisha. Na utafiti uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kabla ya kuangamia, samaki wale walikuwa wamekwisha anza kupevuka na kutaga wakiwa na umri mdogo na umbo dogo. Nyavu zilikuwa zikichukua wakubwa. Akangojaye kukua hakuwahi kuzaa, na aliyewahi kuzaa angali mdogo ndiye aliyeacha kizazi. Ni yale yale ya Gorongosa, ila kwa nyavu mahali pa bunduki.

Basi mwenye kuvuta juya la matundu madogo akakomba hata watoto wa samaki, na mwenye kutupa baruti juu ya matumbawe, wasiseme bahari ni pana. Na Ndovu naye, alipoonekana na wazee wetu, walisema bara ni pana. Katika Sura ya Ar-Rum Mola wetu ametufahamisha kwamba uharibifu wa bara na wa bahari umetokana na yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao, na kwamba twaonjeshwa sehemu yake ili tupate kurejea. Mafundisho hayo yamezitaja zote mbili, nchi kavu na bahari, wala hayakumwacha mvuvi nje.

HAKI YA MKULIMA

Wala hatutaki kuwasahau ndugu zetu wa Kwale na Taita na Lamu, ambao ndovu huwaingilia mashamba, na pengine huua mtu. Haki ya mtu kulinda nafsi yake na mali yake imethubutu katika fikihi, na mafakihi wameweka mlango wake: mwenye kushambulia huzuiwa, lakini kwa wepesi kwanza, wala haanzwi kwa zito ikiwa jepesi latosha. Wala si haki mtu wa mjini kumhubiria subira mkulima ambaye mahindi yake yameliwa usiku mmoja.

Kuna njia nyepesi iliyojaribiwa huko Sagalla, katika nchi ya Taita, ya kutundika mizinga ya nyuki kwa kamba kuzunguka shamba. Ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, huogopa nyuki. Akiigusa kamba mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye akarudi. Mkulima akahifadhi mazao yake, akapata na asali. Hekima hii imetoka kwa mdudu ambaye naye ana Sura yake katika Kurani.

MLANGO WA TOBA UKO WAZI

Ndugu zangu, hatukuandika haya ili kuwakatisha tamaa. Mwenyezi Mungu ameacha mlango, na mlango huo umeonekana Gorongosa kwenyewe. Tangu bunduki kunyamaza ndovu wa huko wameongezeka. Na katika majike waliozaliwa baada ya vita, wasio na pembe walikuwa asilimia 33. Bado ni wengi kuliko asilimia 18.5 ya kabla ya vita, lakini ni wachache kuliko asilimia 50.9 ya wale waliosalimika. Maana yake ni kwamba mkono ukiondolewa, mshipa wa asili huanza kurejea taratibu. Hauwezi kurejea kwa siku moja, kwani ndovu huzaa mmoja baada ya miaka. Kilichoharibiwa kwa miaka 15 chahitaji umri wa watu na zaidi ili kutengenea. Lakini chatengenea.

Na hii ndiyo hali ya toba yenyewe. Masharti ya toba mwayajua: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorejea, na kurudisha haki ya aliyedhulumiwa. Pembe iliyokwisha kuwa bangili hatuwezi kuirudisha kinywani mwa mwenyewe. Haki tunayoweza kuirudisha ni nafasi: tuwaache waishi na wazae, waijaze tena ardhi kwa yale maandiko mazima aliyowaandikia Muumba wao.

Kwa hivyo twawausia mambo haya. Asinunue mmoja wenu pembe wala kitu kilichofanywa kwa pembe mpya, wala asiipakie, wala asiifiche, hata akiambiwa ni ya zamani na hali hana uhakika. Anayefanya kazi bandarini ajue kwamba muhuri wake ni ushahidi, na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa. Mvuvi awaache wadogo wakue, na waliobeba mayai watage. Mwalimu wa chuo, anapowasomesha watoto Sura ya Ndovu, awaambie pia kwamba ndovu ni umma, nao wana Mola wao. Na mwenye mali awasaidie wakulima walio karibu na hifadhi, wapate mizinga na walinzi, kwani sadaka hiyo yamfaa mtu na mnyama kwa pamoja.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu apandaye mti, kila anachokula humo mtu au ndege au mnyama ni sadaka kwake. Ikiwa thawabu ya mpanzi yaendelea kwa kila tunda, basi na tuogope kwamba dhambi ya mharibu yaendelea kwa kila mwana asiyezaliwa.

Ewe Mola wetu, tumekula katika ardhi yako na katika bahari yako, tukachukua zaidi ya haja yetu. Tusamehe sisi na wazee wetu. Utujaalie kuwa walinzi wa amana uliyotupa, wala usituinulie Siku ya Kiyama mashitaka ya umma tusizozijua majina. Uwahurumie mama wachukuao mimba zao katika pori la Gorongosa na katika kila pori, uwape wana wa kiume na wa kike, wazima, wenye umbo kama ulivyowatakia. Amina.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kuongoka.